Tela la Kulala Si Tela la Korosho

Alhamisi, Masasi. Kipupwe. Mawingu yamelala juu ya milima ya mawe tangu asubuhi, na mimi nina furaha ambayo sikuitarajia, kwa sababu leo nimemwona mtu akibomoa kazi yake mwenyewe mbele ya wateja wake.

Nianze na tela. Ni chumba kimoja cha mbao na bati juu ya ekseli moja: kitanda, meza ya kukunja, rafu ya vitabu. Nililala humo miaka yote ya kazi, nikichora ramani za wilaya za watu wengine, mbali na kwetu Mkunya, huko Newala. Nilipostaafu nikauziwa. Sina nyumba nyingine. Dada yangu Asumini, ambaye hakuwahi kuhama Newala, amenipa mahali pa kuliweka, pembeni ya mikorosho yake. Macho yake yanafifia. Anataka nifike angali ananiona.

Lakini kabla ya Mkunya kuna mlima, na kona zake hazimhurumii mwenye springi mbovu.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilimwachia tela Athumani, fundi wa hapa Mkomaindo, alikague chini. Yeye Mmakua, mimi Mmakonde. Makabila yetu ni watani, kwa hiyo salamu zetu hazikosi mwiba.

"Shikamoo, Baba Salma. Bado hujafa?" alinianza leo nilipokwenda kulichukua.

"Marahaba. Nangoja nikuzike wewe kwanza."

Sikumaliza kucheka. Tela lilikuwa limesimama juu juu kama mbuzi aliyeona nyoka. Athumani alikuwa ameongeza majani mawili ya chuma kwenye springi ya kila upande. Nilimwelewa. Huku ukisema tela linakwenda Newala, fundi tayari analiona likishuka na magunia ya korosho, na springi huzikaza kwa ajili ya mzigo huo. Langu linabeba vitabu, sufuria na mzee mmoja mwembamba.

Niliweka glasi ya maji mezani, nikaomba tela livutwe kidogo uani, palipo na mashimo. Springi hazikupinda hata chembe. Sakafu iliruka, glasi ikavunjika, vitabu vikashuka vyote.

"Mmakonde huyu anataka abebwe kama yai!" Athumani akawaambia wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Wakacheka, nami nikacheka. Kisha akachungulia ndani, akaona rafu ilivyong'oka misumari. Akaenda kuleta jeki.

Aliinua fremu mpaka uzito ukatoka kwenye springi, akaweka magogo ili lisimwangukie, akalegeza boliti zinazokumbatia ekseli. Alipotoa majani aliyoongeza na kufuta grisi kwenye jani kuu, lile refu linaloshika fremu kwa ncha zake mbili, tukaona mstari mwembamba wa kutu karibu na tundu la katikati. Akagonga kwa nyundo. Jani la upande wa pili lililia kama kengele. Hili lilikoroma.

Lilikuwa limepasuka.

Angeweza kulifunika. Tulioinama pale tulikuwa wawili tu, na macho yangu si ya kijana. Badala yake alisimama, akageukia benchi.

"Hili kosa langu," alisema. "Nimerundika majani bila kulikagua jani kuu. Lingekatikia mlimani, na huyu mtani ningemzika kweli."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Nimesoma vitabu vingi vinavyosifu ujasiri, karibu vyote ni vya vita. Sikumbuki hata kimoja chenye mtu aliyejaa grisi hadi viwikoni, akisema maneno kama hayo mbele ya watu anaotaka kesho waendelee kumwamini.

Akabadilisha jani kuu pande zote mbili, hata lile zima, kwa sababu jipya na la zamani hayapindi sawasawa, na tela lingeinama upande. Akaweka bushi mpya, zile pete za mpira kwenye ncha za springi. Tukajaribu tena, safari hii kwa kikombe cha bati. Maji yalicheza, hayakumwagika. Nilitamani kupiga makofi. Nadhani nilipiga.

Akinawa mikono, aliniuliza nitaliegesha vipi nikifika.

"Mtu wa kuondoka huliacha tela juu ya magurudumu, Baba Salma. Mtu wa kukaa huinua fremu, akaweka matofali, springi zikapumzika."

Nikaingia ndani kuokota vitabu.

Kesho tunapanda, polepole. Tukimaliza kona za mwanzo nitamwomba dereva wa gari litakalolivuta asimame, nikaze boliti upya. Springi mpya hujikalisha zikishabeba uzito, na boliti iliyokazwa leo si lazima iwe imekaza kesho.

Jioni hii Dada amepiga simu.

"Uko wapi?"

"Mkomaindo, Dada."

"Bado? Mahali pako nimeshapafagia tena. Ukikawia napanda muhogo."

Kisha akauliza lile swali ninalolikwepa kila mara: "Hivi mdogo wangu, unakuja kukaa, au unapita?"

Nilikuwa nimeketi kitandani, ndani ya tela. Nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza halitikisiki nikijigeuza.

"Nitafutie matofali, Dada."

"Matofali ya nini? Nyumba yako si ina miguu?"

"Inayo. Nataka ipumzike."