Flashi Yenye Uzi Mweupe

Mdogo wangu mpendwa, Kitinda,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye bado yupo ingawa amepungua. Natumaini miguu haivimbi tena, na kwamba mwanao anakutia dawa ya macho kwa saa zake bila kusahau na bila kukugombeza. Mimi nashukuru. Daktari amenikataza kupanda na kushuka ngazi, na kwa kuwa naishi ghorofa ya pili, ni kama amenikataza dunia. Moyo umechoka, ndivyo alivyosema, kisha akaangalia karatasi zake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilifundisha miaka thelathini na nne, najua mtu anavyoangalia karatasi akiwa hataki kusoma alama kwa sauti.

Kwa hiyo nianze na lile ambalo nikilichelewesha litanishinda. Kazi yako haikupotea. Masimulizi yote ya akina mama uliowazalisha, miaka ishirini na saba ya ukunga, yapo salama bila kupungua hata herufi moja. Nimelijua hilo kwa karibu miaka miwili, nami nimekuficha.

Najua barua hii unasomewa. Mpwa wangu, wewe unayeisoma, nakuomba usiruke mstari wala usilainishe neno kwa kunihurumia mjomba wako. Mama yako amesikia ukweli mkubwa zaidi ya huu, tena kutoka kwa watu waliokuwa katika uchungu. Nilijaribu kusema kwa simu mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kuuliza kama mvua imenyesha huko. Mara ya pili nikauliza mvua tena, naye akacheka akasema kaka amegeuka mtabiri wa hali ya hewa. Nikaona bora kalamu.

Kwa ajili yako, mpwa wangu, kwa kuwa wakati ule ulikuwa kazini mbali, nieleze tangu mwanzo. Mama yako alikuwa ameandika kwenye kompyuta yake yale aliyoyaweka kwanza katika madaftari: nani alijifungua wapi, alisema nini, alimwita nani. Madaftari yenyewe yaliliwa na mchwa, akayachoma. Alitaka kuyafanya kitabu, majina yakiwa yamebadilishwa. Siku moja umeme ulikatika kompyuta, ambayo betri yake ilikuwa imekufa, ikiwa katikati ya kujisasisha, na ulipowaka tena kioo kilibaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe usemao kwamba hakuna mfumo wa kuwashia. Nakala ya akiba ilikuwepo kwenye diski ya nje, kwa sababu mimi ndiye niliyemsumbua aiweke kila mwezi. Lakini nakala ile hairudi yenyewe. Unahitaji kwanza flashi ya uokoaji, yaani flashi iliyoandaliwa ili kompyuta iweze kuwakia humo badala ya ndani mwake, kisha ivute nakala kutoka kwenye diski na kuirejesha mahali pake.

Mafundi wangeifanya kazi hiyo asubuhi moja. Lakini mama yako alikataa katakata kuiacha kompyuta dukani. Alisema humo ndani mna wanawake mia mbili na kumi na nne, na baadhi yao, wakiwa peke yao naye kitandani, walimtaja baba wa mtoto ambaye si yule aliyekuwa akingoja nje. Alisema siri hizo hazikai kwenye meza ya fundi kando ya soda. Mtu mmoja tu angeweza kumwamini nazo. Akaja kwangu siku ya Alhamisi, amebeba kompyuta ndani ya mfuko wa kitenge, akaniambia: Bwana Chaki, umetufundisha sote kujumlisha, sasa tufundishe hii.

Unakumbuka, Kitinda, tulivyoanza? Nilikwenda kwa yule fundi dada wa duka la pembeni, anayeitwa Miwani, nikamwomba anielekeze tu, bila kuigusa mashine. Akanipa programu ya uokoaji kama faili moja kubwa. Nikaja nyumbani, kwa kompyuta yangu kuukuu nikainakili kwenye flashi kama mtu anavyonakili picha za harusi. Tukaichomeka, ukawasha, kioo kikabaki cheusi. Tukajaribu mara tano. Wewe ukasema labda flashi inaona haya. Niliporudi kwa Miwani alicheka mpaka akavua hiyo miwani yenyewe. Akasema, mzee, umechora picha ya ufunguo ukaitia kwenye kitasa. Akanieleza kwamba faili lile halinakiliwi, linaandikwa juu ya flashi kwa programu maalumu, nayo hufuta kila kilichomo na kuipanga upya. Ulipoyasikia hayo ulinitania wiki nzima, kwamba logarithimu niliziweza lakini kijiti cha sentimita tano kimenikunja.

Nikanunua flashi ya pili inayofanana kabisa na ya kwanza, nyeusi, na ili nisizichanganye nikaifunga ya pili uzi mweupe. Miwani alinionya nichague vizuri ya kufutwa, kwani programu haiulizi mara mbili, na mtu akiteleza hapo atafuta diski ya akiba yenyewe. Nilichomoa diski yako nikaiweka chumba kingine kabisa ndipo nikabofya. Alhamisi iliyofuata ikagoma tena, safari hii kwa sababu kompyuta ilikuwa na kinga inayokataa kuwakia kwenye kitu isichokijua. Ilibidi nijifunze kuingia kwenye mipangilio yake ya ndani kwa kubonyeza F12 mara tu inapowaka, si kabla wala si baada, na vidole vyangu tayari vilikuwa vizito. Yote niliyaandika kwenye daftari la mazoezi: jaribio la kwanza, la pili, sababu ya kushindwa. Ulikuwa ukilisoma unanipa alama. Nyingi zilikuwa sifuri.

Sasa nikwambie habari ya nyumba hii, maana bila hiyo hutaelewa, ingawa kuelewa si kusamehe. Tangu wifi yako alipofariki, nilikuwa naweza kukaa siku nne bila kusikia sauti yangu. Vijana wangu hupiga simu, wanangu wazuri, wanauliza kama nimekula, nasema nimekula, wanasema vizuri. Nilizoea kumwitikia mtangazaji wa redio akisema habari za asubuhi. Nilipika wali wa watu wawili kwa sababu mkono haukujua kipimo kingine, nikala unaobaki kesho yake. Siku zangu hazikuwa na majina. Wewe ulikuwa unakuja mara mbili kwa mwaka, na sikulaumu. Ulikuwa na maisha yako.

Ghafla nikawa na Alhamisi. Jumatano nilifua mashuka na kupiga deki. Niliutoa mto kwenye kiti changu nikauweka kwenye chako. Ulikuwa unafika saa nne, unahema kwa ngazi, unazitukana ngazi moja moja, unavua viatu, unauliza mgonjwa anaendeleaje, ukimaanisha kompyuta. Tulikaa bega kwa bega mbele ya kioo cheusi kama watoto waliofungiwa. Ulinisimulia mambo ya mama yetu ambayo sikuwahi kuyajua, kwa sababu nilikuwa bwenini ulipokuwa ukikua. Ukanisimulia jinsi mwanamke mmoja alivyokung'ata mkono akaja kuomba radhi baada ya miaka kumi akiwa na mtoto yule yule. Nilicheka mpaka jirani wa chini, fundi viatu, akaja kuuliza kama kuna jambo. Nikamwambia ni dada yangu. Nilipenda kulisema neno hilo mlangoni.

Wiki ya sita, siku ya Jumatatu asubuhi, nilikuwa peke yangu. Nilifungua mipangilio, nikaondoa ile kinga, nikachomeka flashi yenye uzi, nikachomeka diski yako, nikawasha. Kioo kikawaka rangi ya buluu. Programu ya uokoaji ikafunguka taratibu, ikaitafuta diski, ikaiona. Ikanionyesha nakala ya mwisho na tarehe yake. Ikapanga mafolda yako moja baada ya jingine, mwaka kwa mwaka, ishirini na saba. Sikufungua hata moja, hilo niamini, ingawa sina haki ya kuaminiwa. Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja: Rejesha.

Niliweka kidole. Nikafikiria Alhamisi, jinsi utakavyofurahi, utakavyonikumbatia, utakavyoibeba kompyuta ndani ya ule mfuko wa kitenge na kushuka ngazi. Nikafikiria Alhamisi itakayofuata hiyo. Nikazima. Flashi yenye uzi nikaitia mfukoni mwa shati, na ulipokuja nilichomeka ile ya kwanza, picha ya ufunguo. Kioo kikabaki cheusi. Ukasema usijali kaka, tutafika. Ukanipapasa mgongoni.

Nilijiambia ni wiki moja tu. Kisha nikajiambia nahakikisha. Tulikaa hivyo Alhamisi thelathini na tatu zaidi. Nilizihesabu wakati ule na nimezihesabu tena jana. Kila wiki nilibuni sababu mpya, nikaziandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Wewe ulianza kujaribu kuyakumbuka masimulizi kwa kichwa, ukawachanganya wanawake, wa mwaka huu ukampa maneno ya mwaka ule, ukakasirika na nafsi yako. Ulisema ni kama kuwazalisha tena wote halafu kusahau watoto ni wa nani. Kisha ikaja ile siku uliyoegemea sinki la jikoni kwangu ukalia bila sauti, ukasema basi, kaka, tuache, si riziki. Nilikupa maji. Flashi ilikuwa mfukoni mwa shati nililovaa. Uliacha kompyuta na diski kwenye kabati langu, ukasema hutaki kuziona, na hukuja tena Alhamisi. Kwa hiyo nikapoteza hata kile nilichoiba kwa ajili yake.

Juma lililopita nilizitoa. F12 nikaikosa mara mbili, ya tatu nikaipata. Nikabonyeza Rejesha. Ilichukua dakika arobaini na saba. Niliketi nikitazama asilimia zinavyopanda, na hakuna darasa nililowahi kusimamia lililokuwa kimya kiasi kile.

Mpwa wangu, fundi viatu atakuletea kompyuta yenyewe, diski, na flashi. Kompyuta sasa inawaka kama kawaida. Usiifute flashi hata ukiona haina picha wala nyimbo. Iweke mahali pakavu, maana kompyuta ikizima tena hiyo ndiyo itakayoiamsha. Nimeandika hatua zote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, safari hii za kweli. Masimulizi msomee mama yako wewe mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Usimpe mtu mwingine asome. Akikuambia badilisha neno, badilisha. Bado kinaweza kuwa kitabu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na mkwe, na majirani wanaonikumbuka. Mwambie mjukuu aliyezaliwa juzi kwamba ana babu anayemwombea heri kutoka ghorofa ya pili. Usije kwa ajili yangu, Kitinda, ngazi ni zile zile na sasa huzioni. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa simu. Nitapokea mlio wa kwanza. Mungu akulinde.

Nilikuwa nimekwisha kuaga, nikaikunja karatasi. Nimeikunjua, kwa sababu nilikuwa nataka kufa na siri moja.

Unakumbuka kile kikao nyumbani kwa mwanao, ulipowaambia hatimaye kwamba macho yamekwisha, kwamba ni presha ya macho na ulijua muda mrefu, na ndiyo maana ulikuwa na haraka na kitabu? Kila mtu alilia, akasema laiti ungetuambia, laiti tungejua. Mimi nami nilisema. Nilikushika mkono nikasema, laiti ningejua, mdogo wangu.

Alhamisi ya pili kabisa, wiki nne kabla ya ile Jumatatu, ulikwenda msalani na mkoba wako ukaanguka kutoka kwenye kiti. Kadi ya kliniki ya macho ilitoka. Niliiokota, nikaisoma pande zote mbili, mwandiko wa daktari na yote. Ilisema huenda usimalize mwaka ukiona. Nikairudisha mahali pake, nikafunga zipu, na uliporudi nikakuuliza kama utaongeza chai. Nilijua, Kitinda. Siku ile nilipozima kompyuta, nilijua.

Kaka yako