Upande wa Mfalme

Baba,

Mke wako Wanjiru, binti yangu, ametimiza miaka kumi na mmoja. Bado anajisifu shuleni kwamba wewe, babu anayekuita Guka, ulikuwa ukimwita mke wako kwa sababu amebeba jina la cucu yake, mama yangu. Mama hajambo, ila amekataa katakata kuja kututembelea. Anasema Johannesburg ni mji wa watu wasiosalimiana. Mimi bado nafundisha watoto historia kwa Kiswahili kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa hapa Kensington. Wanaelewa kila kitu, kisha wananijibu Kiingereza. Ungewatia adabu.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na sikukusudia kukuandikia. Nimelazimishwa na lile somo lako la chaki.

Kila mwaka, ulipofika kwa walowezi wa Amerika na mfalme wa Uingereza, ulichora mstari katikati ya sakafu ya darasa. Ulieleza kwa ufupi: mfalme yuko ng'ambo ya bahari, anawatoza ushuru wa karatasi na chai, nao hawana hata mtu mmoja wa kuwasemea katika bunge lake. Halafu ukasema, "Chagueni upande." Tulisukumana wote kuelekea dirishani, upande wa uhuru. Ndipo wewe ukavuka mstari, ukasimama upande wa mfalme peke yako, mikono nyuma, mpaka kengele ilie. Tulicheka sana. Tulidhani ni mzaha wa mwalimu, tena mzaha uliochakaa.

Hospitalini ndipo uliponieleza. Baba yako hakuwahi kuingia msituni kupigana na Waingereza, ingawa ndivyo tulivyojigamba kila sikukuu ya uhuru. Alikuwa homgadi, mgambo wa Waingereza. Alivishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, majirani wakapitishwa mbele yake, na kila aliyetikisiwa kichwa alipelekwa kizuizini. Shamba la majani chai lililokusomesha lilikuwa shukrani ya Waingereza. Uliyasema hayo bila kupandisha sauti, kama unayesoma orodha ya mahudhurio. "Nilisimama upande wa mfalme ili msidhani haukuwa na watu," ukasema. Kisha ukaniachia agizo: "Mtoto asipokuuliza, nyamaza. Akikuuliza, usimdanganye."

Baba, aliniuliza.

Mwezi uliopita darasa la Wanjiru lilifika kwenye somo hilohilo shuleni kwao. Kila mtoto aliambiwa achore bango kuhusu mtu wa ukoo wake aliyepigania uhuru, na Wanjiru akamchora baba yako na nywele ndefu za msituni na bunduki ya kujitengenezea. Nilikuwa jikoni nakata spinachi. Akaja akasema, "Mwalimu anasema wengine walibaki na mfalme. Kwetu pia walikuwepo?"

Nikamjibu, "Walikuwepo, lakini si katika familia yetu."

Nikaendelea kukata spinachi. Agizo moja tu uliniachia, na sikulitunza hata miaka miwili. Niliona aibu, na aibu hiyo haikuondoka kwa kuoga wala kwa kusali.

Jumamosi iliyofuata nilichukua chaki. Nilichora mstari, nikaeleza habari za ushuru, nikawaambia wachague. Ukumbi mzima ukakimbilia upande wa piano, Wanjiru akiwa wa kwanza. Nikavuka.

"Maman, kule hakuna watu!" akaniambia Furaha, binti wa fundi cherehani Mkongomani.

"Eish, Mama, rudi huku," Wanjiru akasema kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi mbele ya wenzake.

Nikawaambia huku ndiko alikosimama babu yangu. Nikawaeleza habari za gunia. Hakuna aliyecheka. Furaha ndiye aliyeuliza, na unapaswa kujua kwamba baba yake alifukuzwa mtaa wa Alexandra hapa mjini wakati wageni walipokuwa wakishambuliwa, kabla binti huyu hajazaliwa. Baba huyo husimulia nyumbani kwamba jirani ndiye aliyeonyesha mlango wake kwa kidole.

"Babu yako alionyesha milango ya watu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akanitazama, kisha akaitazama chaki. Nilibaki nimesimama. Ukumbi wetu hauna kengele, kwa hiyo sikujua nimalize lini.

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Tuliposimama kwenye roboti, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, taa ikiwa nyekundu, Wanjiru akauliza, "Guka alijua?"

"Alijua. Ndiyo maana kila mwaka alisimama huko."

"Na wewe ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

Taa ikawa kijani, tukaenda.

Bango hakulichana. Alizifuta zile nywele ndefu kwa raba mpaka karatasi ikachubuka, akachora gunia lenye matundu mawili. Nilidhani amemaliza, nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi nilikuta ameongeza mtu mwingine pembeni, mwembamba, ana miwani, mikono nyuma, mbele yake mstari mweupe wa chaki. Hapo nililia, Baba. Sikulia hivyo hata siku tuliyokuzika.

Basi pumzika, mwalimu. Nalibadilisha agizo lako kidogo, na najua hupendi kusahihishwa: sitangoja mtoto aulize. Kila mwaka nitachora mstari, na kila mwaka nitavuka. Wanjiru amesema ataleta kengele.

Binti yako,
Nyambura