Kipimo kikamtaja dada

Shoga, dada kalipiza. Bado siamini.

Yule mshirika wake aliyemwibia kipimo cha moyo alichokibuni dada, leo alikuwa anakionyesha kwa madaktari. Kafuta jina la dada kwenye kasha, eti, "Nimekibuni mwenyewe." Dada kakaa mbele.

Jamaa akakichomeka kwenye kompyuta, skrini yake ikimulikwa ukutani.

Sasa kompyuta huuliza kila kifaa jina na namba zake, ndipo itafute draiva, ile programu ya kukiendesha, yenye namba hizohizo. Kipimo kikajibu. Jina la dada, shoga, ukuta mzima! Na draiva ya jamaa haikuwa na namba zile, kikagoma.

Daktari mkuu akauliza, "Huyu ni nani?"

"Mimi," dada akasema. "Draiva ninayo. Akitoka yeye, nakiwasha."

Shoga, katoka. Dada kamshikia mlango.