Saa Mbili ya Jua au ya Mwezi?

Mpendwa Baba Zuhura,

Asalaam aleikum huko uliko. Najua marehemu haandikiwi barua, anaombewa dua, na dua nakuombea kila baada ya swala, usidhani nimeacha. Ila leo Jumapili nimetoka kuswali alasiri na moyo hautulii, na jambo lenyewe ni la kompyuta. Nimwambie nani kama si wewe? Nikimwambia Zuhura mwanao atanijibu, "Mama, si umuulize fundi." Fundi nimeshamuuliza.

Ile fomu yako wameinyamazisha.

Unakumbuka ilivyoanza? Ofisi yetu ya mitungi ya oksijeni pale Manzese, wewe fundi wa kompyuta, mie kwenye meza ya kupokea oda, na darasa la saba langu na vidole viwili vya kuchapia. Bosi akaleta ile programu ya barua pepe yenye orodha ya kazi ndani yake. Ukijaza oda kwenye fomu, barua inakwenda kwa dereva, na kazi inajiweka kwenye orodha na saa yake ya kukumbusha. Siku za mwanzo tu nikaandika mtungi wa zahanati ya Vingunguti upelekwe saa 2. Mie namaanisha saa mbili asubuhi, kama binadamu yeyote. Kompyuta ikakaa kimya asubuhi nzima, watu tumeshakula na wali wa mchana, ndipo ikaanza kulia: kazi ya saa 2! Bosi akafoka. Wewe ukacheka mpaka ukashika kiuno.

"Mama Zuhura, hii mashine si Mswahili," ukasema. "Kwao siku inaanza watu bado wamelala. Kuisilimisha hatuwezi, ila tutaiwekea mkalimani."

Ukakaa na fomu ile siku kadhaa, unanong'ona peke yako kama mtu anayehifadhi juzuu. Nikakuuliza unaandika nini, ukasema makro. Makro ndo nini?

"Ni kama unasafiri, unamwachia jirani ufunguo na maagizo. Akija fundi bomba mfungulie, akija mdai mwambie sipo. Unasema mara moja, yeye anafanya kila siku bila kukusumbua."

Nikakwambia jirani wa hivyo hapa kwetu Tandika hayupo, wa kwetu mdai angemkaribisha na chai.

Tangu hapo mie nikawa naandika saa zangu za siku zote. Nikibonyeza kitufe cha kutuma, kinatokea kisanduku kidogo kinaniuliza: "Mama Zuhura, saa mbili ya jua au ya mwezi?" Chini yake vitufe viwili, Jua na Mwezi. Nikibonyeza Jua, makro yako inajumlisha sita kimyakimya. Orodha inapata saa ya kompyuta, dereva anapata barua yenye Kiswahili chake, saa mbili asubuhi. Bosi alikwambia uliondoe jina langu, wageni wakiliona wataidharau ofisi. Ukamwambia, "Bosi, nikiliondoa hatasoma, atabonyeza tu. Namjua, ni mke wangu." Sikujua nicheke au ninune.

Na madereva walivyolidaka lile swali! Mashaka, yule wa Dodoma anayeendesha kigari cha kirikuu, hata akiletewa maandazi alikuwaga anauliza, "Mama, haya ya jua au ya mwezi?" Yaani ya leo au yamelala.

Halafu kikaja kifua chako. Uliporudishwa nyumbani toka hospitali ukawa na mtungi wako pembeni ya kitanda, oda zako nilikuwa naziandika mie. Naandika jina lako, naandika Tandika, nabonyeza, na kisanduku kinaniuliza kwa maneno yako, ilhali wewe mwenyewe nyumbani huna pumzi ya kumaliza sentensi. Nilikuwa nakijibu kwa sauti. "Ya jua, Baba Zuhura." Watu wa ofisini wakiangalia pembeni. Mtungi wako haukuchelewa hata mara moja. Kilichokuchukua ni ahadi ya Mola, si uzembe wa mtu. Hilo ndilo linaloniliwaza, na sasa ndilo linalonitisha.

Maana wiki hii ofisi imehamia programu mpya. Fundi wetu siku hizi ni dada Neema, binti mpole, ananiamkia vizuri. Akanikalisha chini akasema, "Mama, makro za zamani haziruhusiwi tena. Virusi vinapitia humohumo." Nikamwambia hii ya mume wangu haina virusi, ina swali moja tu. Akanishika bega. Fomu inafunguka bado, kitufe kipo, nabonyeza, kimya. Kama kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Nipe muda nikutengenezee njia nyingine," akasema. "Kwa sasa jumlisha sita mwenyewe, mama. Hesabu ndogo tu."

Ndogo kweli. Ila nikiwa na simu sikioni, na mtoto wa mgonjwa analia upande wa pili, hata mbili jumlisha sita hunipotea. Juzi kwenye sijda nilijikuta najumlisha. Astaghfirullah. Si kibarua ninachokihofia, Baba Zuhura, kibarua Mungu atatoa kingine. Nahofia mtu akose pumzi kwa mkono wangu huu. Sauti ya mtu anayetafuta pumzi naijua, niliisikiliza kitandani kwetu.

Kesho ni zamu ya Bibi Salma wa Kawe. Anaishi kwa mtungi, na wa sasa hautafika mchana. Oda yake niliituma jana. Nilitaka saa mbili asubuhi, nikajumlisha kwa vidole, nikaandika 8. Neema akahakiki orodha, akasema iko sawa. Nikashukuru. Lakini kuna kitu kikanibaki kooni kama mwiba wa samaki, na mpaka sasa sijui ni...

Nimeiacha kalamu hapo, simu imeita. Ni Mashaka.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua Jumapili. Barua ya Bibi wa Kawe imeandikwa saa 8. Nilishapanga nianze Mbagala, kwake nipite mchana. Nikasema ngoja kwanza niulize. Saa nane ya jua au ya mwezi?"

Ndipo nikaujua ule mwiba. Orodha ilikuwa sawa, barua ndo haikuwa. Ile namba niliyoibadilisha kwa ajili ya kompyuta imekwenda hivyohivyo kwa binadamu, na mkalimani wako hayupo tena wa kuirudisha Kiswahili.

"Mbili, Mashaka! Mbili ya jua! Asubuhi!"

"Haa! Basi naanza Kawe. Mama, na wewe umeshakuwa mzungu?" Akacheka peke yake. Kisha akasema taratibu, "Hiyo saa nane niliitilia shaka. Nikamkumbuka Mzee na swali lake."

Nimekaa hapa na simu mapajani, nalia na kucheka, Zuhura amechungulia akarudi chumbani. Kesho nitamwomba Neema fomu iwe na nafasi mbili, saa ya mashine kando na saa ya dereva kando. Na kila oda nitampigia dereva simu niulize kwa mdomo wangu amesoma saa ngapi, wacha wanione mshamba. Hofu haijaondoka, nisikudanganye. Mpaka Mashaka anipigie kesho aseme mtungi umeshaunganishwa na Bibi anapumua, hata chai haitashuka. Lakini lile agizo wamelifunga kwenye mashine tu. Kwa Mashaka hawakulifunga. Ulisema mara moja, na leo amefanya bila kuambiwa na mtu.

Basi pumzika, Baba Zuhura. Allah akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Siku ya mie kukufuata siijui. Hiyo saa, iwe ya jua au ya mwezi, anayo Yeye peke yake, na haitaki kujumlishwa sita.

Mkeo, bado niko palepale mezani,
Mama Zuhura