Mume Wangu Anapona Kifua, Lakini Hataki Kuishi

Mpendwa Mama Marthe,

Nakuandikia nikiwa na shukrani nyingi na shida moja, ndiyo maana sijui nianzie wapi. Mume wangu Raphaël, fundi cherehani hapa Baraka, alishikwa na kifua kikuu mwaka jana akawa anakohoa damu, tukadhani tumeshampoteza, lakini akapelekwa hospitali akachomwa sindano miezi mitatu na kupewa vidonge, na leo damu imekwisha, homa imekwisha, mganga wa dispensari anasema mapafu yanapona vizuri, nami kila asubuhi namshukuru Mungu pamoja na huyo mganga na sindano zake. Aliporudi nyumbani mganga aliniambia sahani yake na kikombe chake viwe mbali na vyetu, nami nikafanya zaidi ya hapo, nikamwekea chumba cha nyuma, nikazuia watoto, nikamwomba shemeji yangu Albert asimwite tena kwenye lubunga, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja, na watu wote walinisifu kwamba namtunza mume wangu kama yai.

Basi sasa chakula kinarudi kama nilivyokipeleka, hata kuku, haogi mpaka nimgombeze, anaamka kabla ya jogoo na kukaa akitazama ukuta, na juma lililopita alimwita Albert dirishani akampa mkasi wake mkubwa, ule asioruhusu mtu kuugusa, akamwambia, "Uchukue, mi siko na kazi nayo tena." Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Adolphine, mungeniacha tu nikufe. Niko muzigo kwa batu." Mama mkwe anasema ni kukosa shukrani, wengine wanasema amelogwa, nami mara nyingine namkasirikia, halafu naona aibu kumkasirikia mgonjwa. Nimekosea wapi?

Adolphine, Baraka

Adolphine mwanangu,

Asante kwa kuandika mapema. Wengine huniandikia baada ya mazishi, na hapo sina la kushauri.

Mume wako ana magonjwa mawili. La kwanza linapona. La pili ni huzuni nzito, nayo ni ugonjwa kweli, huwapata wengi walioumwa sana, huwanyang'anya usingizi na hamu ya chakula, na kuwafanya wajione takataka. Si uchawi, wala si kukosa shukrani. Mwambie mama mkwe wako nimesema hivyo, na akibisha aje kwangu.

Sasa nikugombeze kidogo. Mganga alitenga sahani, wewe ukatenga mtu. Mwanaume wa kwetu asiyeitwa lubunga ni yule aliyewakosea ndugu zake au aliyekufa, na Raphaël anajua hajamkosea mtu. Ulifanya kwa mapenzi, usijilaumu sana, ila rekebisha.

Nenda dispensari leo hii umwambie mganga yote: ameugawa mkasi wake, anataka kufa. Usipunguze neno kwa aibu. Mpaka mganga amwone, asiachwe peke yake hata kidogo, na wembe na kamba viondoke chumbani. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kisha muulize mganga kama sasa anaweza kukaa na wenzake. Akikubali, Albert amfuate mwenyewe amwambie, kama mdogo kwa kaka yake mkubwa, "Yaya, kuya tukule," amwekee kiti nje penye hewa, na sahani yake mwenyewe, na kitambaa cha kukoholea. Asipokula, akae tu. Na wasimhubirie.

Haitaisha kwa juma moja, kwa hiyo usichoke, na wewe pia tafuta mtu wa kukupokea kazi upate kulala. Lakini siku utakayomsikia anamgombeza Albert kwa kumaliza kichwa cha samaki, usiende kuwatuliza. Kaa jikoni kwako ushukuru, maana anayegombania samaki anataka kuishi.

Mama Marthe