Pipa Nililomkatia Baba

Jumamosi. Mawingu yamekaa juu ya mlima Menengai tangu asubuhi, lakini mvua hainyeshi.

Baba yuko wodini siku ya nne. Leo daktari ameniita kando, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: busaa, pombe ya nafaka anayokunywa mzee, hutengenezwa kwenye chombo gani?

Pipa la chuma, nikamjibu.

Nililikata mwenyewe, kwenye karakana ya reli ninakofanya kazi. Baba alipotoka kijijini Maragoli kuja kuishi nasi, chungu cha busaa cha mke wangu kilipasuka. Niliona aibu kununua kingine cha udongo, mimi fundi mzima wa vyuma. Nikalainisha kingo, nikatia vipini. Miaka sita sasa busaa inachachia humo, na wazee wa nyumba za reli hulizunguka na mirija yao. Baba ndiye wa kwanza kuketi na wa mwisho kuinuka. Huwaambia wenzake, "Hii pipa ni kijana yangu alitengeneza. Haiwezi pasuka."

Daktari anasema uchachu wa busaa hula chuma cha pipa, kikaingia kwenye kinywaji, na mwili hauna njia ya kukitoa. Kimejaa kwenye ini la Baba. Ndiyo maana tumbo limevimba na ngozi imekuwa rangi ya majivu. Sisi tulidhani amepungukiwa na damu, nikamnunulia dawa ya kuongeza damu. Kumbe nayo ni chuma.

Naandika haya kama ripoti ya injini. Sijui kuyaandika vingine.

Tiba ni kumtoa damu kidogo kila wiki, huenda ini likapata nafuu. Baba amekataa. Anasema jirani yetu amemroga, na sindano haiondoi uchawi. Daktari ameniachia mimi nimweleze.

Sikumweleza. Nilipokuwa naaga akanishika mkono: "Kesho uniletee chupa moja ya pipa yetu." Nikaitikia.

Aibu yangu ni hii: njiani niliona afadhali jirani aendelee kulaumiwa.

Nimefika nyumbani, nimelitoboa pipa kwa patasi.

Naogopa. Lakini kesho nitakwenda bila chupa, nimwambie ni pipa langu. Akitaka kunilaani, anilaani huku mkono wake ukitolewa damu.