Nimemfanya Baba Aamini Mkono Wake Umekufa

Mpendwa Mama Rosa,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Nyamasaria, na leo ni mimi ninayeomba msaada, kwa sababu nimetenda jambo ambalo siwezi kulisema kanisani wala kwa majirani, na kila nikimlisha baba yangu uji nashindwa kumtazama usoni.

Baba yangu, Mzee Nicodemus Wabwire, alikuwa karani katika ofisi moja ya pamba hapa Kisumu, na miaka ile ya themanini, ziwa likiwa bado halijafunikwa na magugu, watu walikuwa wakija kwetu Jumapili baada ya ibada awaandikie barua, wengine wakitoka hadi Pap Onditi, naye alikaa barazani na kalamu yake ya wino akiandika mwandiko uliolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, nami nikikausha wino kwa karatasi ya kunyonya, na mpaka leo nikisikia harufu ya wino namwona Baba na shati lake jeupe, na naona kama hakuna mtoto aliyewahi kuwa na baba kama wangu. Lakini, Mama Rosa, mimi nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, na Baba huyo huyo, nilipokuwa darasa la kwanza, alinifunga mkono huo kwenye kiti kwa kitambaa kila jioni mpaka nikajifunza kuandika kwa wa kulia, na mwandiko wangu ukawa mbaya hata ukawa unamwaibisha yeye mwenyewe, na jambo hilo hatujawahi kulizungumza.

Mwaka juzi mume wangu Dishon, ambaye anafanya kazi Maseno na huja nyumbani mwisho wa wiki, alileta kompyuta iliyokwisha kutumika pamoja na printa yake, na nilipogundua kwamba mausi, kile kipanya cha kuongozea kompyuta, inaweza kugeuzwa vibonyezo ikawa ya mtu wa kushoto, nilicheka peke yangu sebuleni, mama mzima, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kitu kuniuliza ninataka mkono gani.

Mwezi wa tatu mwaka huu Baba alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala, tukamleta kwetu, na alipoitazama ile mashine kwa siku kadhaa nikaelewa anataka kuandika, basi nikamfundisha mausi kwa mkono wa kushoto, nikaupunguza mwendo wa ule mshale kwenye kioo, nikaufanya mkubwa, nikaipanga mashine imsubiri kati ya kubonyeza mara ya kwanza na ya pili, na printa, ambayo Dishon alikuwa ameiweka ichape hafifu ili kubana wino, nikaiweka ichape nyeusi kabisa kwa herufi kubwa, maana Baba alisema barua iliyofifia ni sawa na kumsalimia mtu ukiwa umempa mgongo. Barua ya kwanza ilimchukua siku tatu kwa kidole kimoja, akamwandikia Mzee Dalmas Ogola, karani mwenzake, ambaye walipoteana ofisi ilipofungwa, na Mzee Dalmas akajibu, na Baba aliisoma ile barua mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika.

Sasa ndipo nilipokosea. Jumanne moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta binti yangu Nabwire, ana miaka sita na ni wa kushoto kama mimi, amefungwa mkono kwenye kiti kwa kitambaa, fundo babu yake amelikaza kwa meno na mkono wake mmoja, anaandika kwa wa kulia huku machozi yanadondokea daftari. Nilimwuliza Baba anafanya nini, akasema, "Mtoto wa kike akimpa mgeni sahani kwa mkono huu, watu watasema hakulelewa." Na alisema hivyo mkono wake mwenyewe wa kushoto ukiwa juu ya mausi.

Nilimfungua mtoto, na kesho yake asubuhi Baba akiwa nje anaota jua, nikairudisha mausi ya mkono wa kulia, nikauachilia mshale ukimbie kabisa, na kule kubonyeza mara mbili nikakuweka kwa kasi ya mwisho, kwa sababu nilitaka siku moja tu aone mtu akinyang'anywa mkono wake anavyojisikia. Baba alikaa, mshale ukawa unamkimbia, kila akibonyeza yanatokea mambo ambayo hakuyaomba, akajaribu mpaka saa ya chai, kisha akauinua mkono wake akautazama, akaniambia polepole, "Elsie, hata huu umeondoka."

Leo ni siku ya tisa. Kijiko ameacha kushika, namlisha mimi, barua ya Mzee Dalmas iko chini ya mto haijajibiwa, na pasta alikuja na akina mama wa kanisa, wanafunga wakiuombea huo mkono, na kila nikiikaribia mashine niirekebishe naona aibu narudi jikoni. Dishon anasema nirudishe kimyakimya, mzee atadhani maombi yamejibiwa na kila mtu atafurahi. Mama Rosa, nifanyeje?

Elsie, Nyamasaria

MAMA ROSA ANAJIBU

Elsie mwanangu, pole kwa kuuguza, na pole kwa kile kiti cha utotoni. Nilifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na miwili, na wenye mkono kama wako niliwachapa kwa rula, nikiamini nawasaidia. Kwa hiyo sikuhukumu nikiwa mbali.

Lakini ulichofanya ni kibaya. Baba yako alikufunga mkono ukijua ni nani aliyeufunga. Wewe umemfunga wake bila kumwambia, mtu mgonjwa, ukamwacha azike kiungo kizima. Na akina mama wa watu wanashinda njaa kwa sababu ya mausi! Ushauri wa Dishon uache. Ukirudisha kimya utakuwa umemsingizia Mungu kazi ambayo hakuifanya, na utaogopa kila siku.

Mketishe mbele ya kompyuta, ageuze mwenyewe wewe ukimwelekeza, aone kwa macho yake kilichobadilishwa. Kisha umwambie ni wewe na kwa nini, usiseme mashine iliharibika. Siku hiyo hiyo mwambie pasta. Nabwire naye usimfanyie biashara, kwamba mausi irudi ikiwa babu atamwacha mtoto. Mtoto ni wako, sema tu kwamba hafungwi tena, basi.

Maneno hayo ya juu nilikutumia kwa posta kabla hayajachapwa gazetini, maana siku tisa zilikwisha kuwa nyingi, na jana umenipigia simu. Unasema umefanya yote, kwamba Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aachwe peke yake. Barua ya Mzee Dalmas ameijibu. Ni siku ya pili hajakusemesha, ila anakula mwenyewe.

Ana haki ya kukasirika, usimharakishe. Usimtumie pasta wala mtoto wakamlainishe. Endelea kumsalimia asubuhi hata asipoitika, na chakula mwekee upande wa kushoto.